Kambi, Kuni na Kibarua: Wenyeji wa Kagera na Ujirani wa Wakimbizi

Mtu avukaye mpaka kukimbia vita huomba kwanza usalama. Akishaupata, yapo mahitaji matatu yasiyoweza kungoja: maji, chakula, na moto wa kukipikia chakula hicho. Chakula chaweza kuletwa kwa malori kutoka bandarini, hata ikiwa bandari iko umbali wa kilomita elfu moja na zaidi. Maji na kuni, aghalabu, hutoka palepale alipofikia. Kwa hiyo swali la mahali pa kuwaweka wakimbizi haliwahusu wanasiasa na watu wa huruma peke yao. Ni swali la jiografia, la hesabu, la kilimo na la afya. Na majibu yake huonekana katika maisha ya watu ambao hawakukimbia popote, yaani wenyeji wa mahali hapo.

Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni mahali ambapo swali hilo limechunguzwa kwa undani kuliko pengi katika Afrika. Sababu yake ni mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa tukio lenyewe la mwaka 1994. Ya pili ni bahati ya kitaalamu ambayo itaelezwa hapo mbele.

Kutoka Rusumo hadi Benaco

Tarehe 28 Aprili 1994, wiki tatu baada ya mauaji ya kimbari kuanza nchini Rwanda, watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, juu ya maporomoko ya mto Kagera, na kuingia wilaya ya Ngara. Katika muda wa saa 24 hivi walikuwa wamevuka wapatao 250,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna hiyo. Miongoni mwao walikuwamo wakulima walioogopa vita, wazee na watoto wachanga. Na walikuwamo pia watu walioshiriki katika mauaji.

Watu hao waliwekwa Benaco, penye ziwa dogo kando ya barabara kuu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unaagiza kwamba, kwa sababu za usalama, wakimbizi wawekwe mbali kiasi na mpaka wa nchi walikotoka. Miongozo ya kimataifa inashauri pia kambi moja isizidi watu 20,000. Yote mawili hayakuwezekana. Hapakuwa na muda wa kupima udongo wala kuhesabu visima. Palikuwa na barabara ya kupitishia malori na maji yanayoonekana kwa macho, na hayo mawili ndiyo yaliyoamua. Katika siku chache Benaco ikawa ikitajwa kuwa mji wa pili kwa wingi wa watu nchini, baada ya Dar es Salaam, ingawa haikuwa na nyumba hata moja ya matofali iliyojengwa kwa ajili ya watu hao.

Hesabu ya maji pekee yatosha kuonyesha uzito wa jambo hilo. Mtu mmoja huhitaji angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha. Watu 250,000 huhitaji lita 3,750,000, yaani mita za ujazo 3,750 kila siku iendayo kwa Mungu. Ziwa dogo haliwezi kuvumilia matumizi hayo muda mrefu, hasa kiangazi kinapoingia, na maji machache yanayotumiwa na watu wengi huleta kuhara damu. Baada ya muda zikafunguliwa kambi nyingine katika wilaya hiyohiyo, kama vile Lumasi, Musuhura na Lukole, na nyingine katika wilaya ya Karagwe. Kabla mwaka haujaisha, wakimbizi wa Ngara walikuwa wamewazidi wenyeji wake mara mbili na zaidi.

Kambi na makazi si kitu kimoja

Msomaji asidhani kwamba Tanzania haikuwa na njia nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa katika makazi makubwa ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na baadaye Mishamo katika nchi ya Mpanda. Huko kila kaya ilipewa shamba. Katika miaka michache watu hao waliacha kutegemea mgawo wa chakula, wakauza mahindi, mihogo na tumbaku, na kulipa kodi. Hata huko mahali palijitokeza kuwa na ukomo wake: Ulyankulu ilionekana kuwa na watu wengi kuliko maji na udongo wake ulivyoweza kubeba, na wengi wao wakahamishiwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini makazi yaliendelea kuwa makazi, na mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania.

Tofauti ya makazi na kambi ni hii: mkimbizi wa makazi hulima, mkimbizi wa kambi hupokea. Apokeaye, asipokuwa na shamba, hutafuta nje ya kambi kile ambacho mgawo haukumpa. Hapo ndipo habari ya wenyeji inapoanza.

Hesabu ya kuni

Mgawo wa chakula wa miaka ile ulikuwa hasa mahindi, maharage na mafuta. Mtu yeyote aliyewahi kupika makande anajua moto unaotakiwa. Kuni hazikuwamo katika mgawo. Wakati wakimbizi walipokuwa wengi zaidi, kambi za Kagera zilikuwa zikiteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Hadi mwaka 1996, misitu na mapori yenye eneo la kilomita za mraba 570 yalikuwa yameathirika, na kati ya hizo kilomita 167 zilikuwa zimekwanguliwa vibaya.

Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kukokotoa wenyewe kwa nini ilikuwa hivyo. Ichukuliwe kwamba mtu mmoja hutumia kilo 2 za kuni kwa siku, sawa na kilo 730 kwa mwaka. Ichukuliwe pia, kwa urahisi wa hesabu, kwamba pori la miti ya kawaida linaongeza tani moja ya mti kwa hekta kila mwaka. Kambi ya watu 20,000 itahitaji tani 14,600 kwa mwaka, ambazo ni maongeo ya hekta 14,600, au kilomita za mraba 146. Duara lenye eneo hilo lina nusu-kipenyo cha kilomita 6.8. Ni mwendo mrefu kwa mama mwenye mzigo kichwani, lakini unaendeka kwa siku moja.

Sasa kambi iwe ya watu 200,000. Eneo linakuwa kilomita za mraba 1,460, na nusu-kipenyo kinafika kilomita 21 na zaidi. Hakuna mtu aendaye kilomita 21 kutafuta kuni na kurudi jioni kupika. Atakata zilizo karibu, na kesho yake jirani yake naye atakata palepale, mpaka pori la karibu liishe kabisa huku la mbali likiendelea kuota bila kuguswa. Ndivyo upara unavyoanza kuzunguka kambi. Watu walewale 200,000, kama wangetawanywa katika kambi kumi zilizo mbalimbali, wangetumia kuni zilezile kwa uzito uleule. Lakini pori lingeweza kuzirudisha.

Hesabu hii inafunua pia mgongano uliomo katika utaratibu uliokuja baadaye. Baada ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya kambi bila kibali, na kwa kawaida mpaka uliwekwa kilomita nne. Duara la kilomita nne lina hekta 5,000 hivi. Kwa makadirio yaleyale, maongeo ya hekta hizo yanatosha watu wasiozidi 7,000. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, imepata kuwa na watu zaidi ya 100,000. Sheria iliyotungwa kuwalinda wenyeji ilimwamuru mkimbizi, bila kusema, ama kumaliza miti yote ya karibu ama kuvunja sheria kila wiki. Wanawake na wasichana ndio waliovunja, kwa kuwa kuni ni kazi yao, na wengi wameshambuliwa porini wakiwa katika kazi hiyo.

Upungufu wa kuni haupunguzwi na majiko bora peke yake. Mahindi yaliyosagwa huiva upesi kuliko mahindi mazima, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hutumia moto mdogo kuliko yaliyotoka guniani. Mwalimu anaweza kuthibitisha hayo katika jiko la shule. Achukue sufuria mbili zenye kilo moja moja ya maharage, ya kwanza yaliyolowekwa na yenye kufunikwa, ya pili makavu na wazi. Apime kuni kwa mizani kabla ya kuwasha na baada ya maharage kuiva. Tofauti atakayoipata, akiizidisha kwa idadi ya siku za muhula, itamshangaza mhasibu wa shule.

Uchunguzi uliokusudiwa jambo jingine

Sasa ile bahati iliyotajwa mwanzoni. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wa Muhimbili pamoja na Benki ya Dunia walifanya uchunguzi wa kaya mkoani Kagera. Haja yao haikuwa wakimbizi. Walitaka kujua kifo cha mtu mzima kwa ugonjwa wa UKIMWI kinaiathiri vipi kaya aliyoiacha. Walizitembelea kaya 915 katika vijiji vilivyosambaa mkoa mzima, wakauliza kila kitu: mashamba, mifugo, mapato, matumizi, bei za sokoni, urefu na uzito wa watoto. Mzunguko wa mwisho ulikamilika mwanzoni mwa 1994. Miezi michache baadaye daraja la Rusumo likafurika.

Thamani ya jambo hili kwa mwanasayansi ni kubwa. Katika maabara mtu hupima kitu kabla ya kukitia katika moto na hukipima tena baadaye. Katika maisha ya watu nafasi hiyo ni adimu, maana hakuna ajuaye maafa yatatokea wapi ili akapime mapema. Hapa vipimo vya mwanzo vilikuwapo tayari. Tena kulikuwa na kundi la kulinganisha: milima na mapori ya mkoa huo yaliwazuia wakimbizi upande wa magharibi, katika Ngara na Karagwe, huku vijiji vya mashariki kandokando ya Ziwa Viktoria vikiguswa kidogo. Mwaka 2004, na tena 2010, watafiti walizitafuta kaya zilezile popote zilipohamia, wakapata habari za zaidi ya asilimia 90 kati yake.

Jambo la kwanza lililoonekana ni bei. Msomaji angetarajia kila kitu kipande bei, kwa kuwa walaji waliongezeka ghafula. Haikuwa hivyo kwa usawa. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionyesha kwamba karibu na kambi bei ya vyakula visivyomo katika mgawo, kama ndizi na maziwa, ilipanda sana, ila ile ya vyakula vilivyokuwamo ilipanda kidogo tu. Sababu yake si ngumu kuiona. Mkimbizi aliyechoshwa na mahindi aliyauza au kuyabadilisha apate ndizi. Kwa hiyo mahindi ya msaada yaliingia sokoni na kuishika bei, na mkungu wa ndizi ukawa lulu. Mwenye migomba mingi alineemeka. Mtu wa mjini, asiye na mgomba hata mmoja, alilipa.

Jambo la pili ni kazi. Mkimbizi alikubali kulima kwa ujira mdogo, mara nyingine kwa chakula tu, kwa sababu alikwisha kupata mgawo na alihitaji nyongeza. Mkulima mwenye ardhi ya kutosha aliajiri vibarua wengi kuliko alivyopata kuwa nao, akapanua shamba, akauza zaidi kwa bei iliyopanda. Lakini kijijini yumo pia mtu mwenye ardhi finyu, ambaye kabla ya 1994 alilisha wanawe kwa kulima vibarua katika shamba la jirani. Huyo aliondolewa kazini na mtu aliyekuwa maskini kuliko yeye. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walipochambua takwimu hizo waliona kwamba, kwa jumla, wenyeji walifaidika. Lakini vibarua wa mashambani ndio walioelekea zaidi kupata hasara, na wakulima wa kujitegemea ndio waliokuwa na nafasi nzuri ya kupata faida. Wafanyabiashara wadogo wa kijijini nao walibanwa na wenzao waliokuja na mitaji kutoka mikoa mingine.

Kwa hiyo usemi unaosikika mara kwa mara, kwamba wakimbizi waliwatia wenyeji umaskini, haukusimama mbele ya vipimo. Na usemi wa upande wa pili, kwamba waliwatajirisha, nao haukusimama. Neno «wenyeji» ndilo lenye kosa, kwa kuwa linawakusanya mwenye ekari kumi na asiye na ekari, na kuwapa wastani ambao si wa yeyote kati yao.

Utumishi wa umma nao uliguswa. Mashirika ya misaada yalihitaji madereva, wauguzi, makarani na walimu, na yalilipa mshahara ambao serikali isingeweza kuufikia. Wauguzi waliacha zahanati, walimu waliacha madarasa. Katika siku za kwanza baadhi ya shule zilikuwa zimelazwa watu na madawati yake kuchomwa kuni. Kwa upande mwingine, wanakijiji wengi walitibiwa katika hospitali za kambini, ambazo zilikuwa na dawa kuliko zahanati zao. Na baadaye misaada ilitolewa kujenga madarasa, visima na barabara katika wilaya zilizoathirika.

Barabara na sentimita

Tarehe 5 Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na Shirika la Kuhudumia Wakimbizi zilitangaza kwa pamoja kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Baadhi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakageuzwa na askari. Mwaka ulipoisha, karibu nusu milioni walikuwa wamevuka tena daraja lilelile. Warundi walibaki Lukole kwa miaka mingi baadaye, lakini Benaco ilikwisha.

Ingetarajiwa kwamba wanunuzi hao walipoondoka uchumi wa Ngara na Karagwe ungeanguka. Maystadt na Gilles Duranton, wakitumia takwimu hadi 2010, waliona kinyume chake: kaya zilizokuwa karibu na kambi ziliendelea kuwa na hali bora kuliko zilivyokuwa, miaka mingi baada ya kambi kufungwa. Walipotafuta sababu hawakuikuta katika kilimo. Waliikuta katika barabara. Ili chakula kifike kambini, njia zilitengenezwa; na njia haikuondoka na wakimbizi. Gharama ya kusafirisha mkungu wa ndizi au gunia la maharage ilishuka, na ikabaki imeshuka.

Lakini mchumi mwingine, Javier Baez, aliwatazama watoto. Aliwalinganisha watoto wa wenyeji wa upande wa magharibi na wenzao wa mashariki, akakuta kwamba baada ya 1994 maradhi ya kuambukiza kwa watoto wa magharibi yaliongezeka kwa pointi 15 hadi 20 za asilimia, na vifo vya walio chini ya miaka mitano viliongezeka kwa pointi 7 hivi. Athari hiyo haikupita. Zaidi ya miaka kumi baadaye, waliokuwa wadogo wakati ule walionekana kuwa wafupi kwa sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa, na idadi ya wajuao kusoma na kuandika miongoni mwao ilikuwa pungufu kwa pointi 7.

Yawezekanaje mkoa mmoja, kwa tukio lilelile, uwe na kaya zilizoneemeka na watoto waliodumaa? Wanafunzi wa baiolojia wana ufunguo wa fumbo hili. Urefu wa mtu mzima huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajatimiza miaka mitatu. Mtoto aliyeharishwa mara kwa mara na maji machafu mwaka 1994 na 1995, ambaye mama yake alitembea mbali zaidi kutafuta kuni na kupunguza mlo wa siku, ambaye muuguzi wa zahanati yao alikwisha kuhamia kambini, alipoteza miezi isiyorudi. Barabara ilikuja akiwa ameshavuka umri huo. Mdogo wake aliyezaliwa mwaka 1998 aliikuta barabara, yeye aliikosa. Na kama baba yake alikuwa kibarua, si mwenye shamba, faida ya ndizi ilipita mlangoni kwao bila kubisha hodi.

Urefu na uzito hupimwa kwa vyombo ambavyo zahanati nyingi za vijijini zinavyo. Kilichokuwa adimu ni daftari lililoandikwa kabla ya watu kufika. Katika wilaya za Kibondo na Kakonko, mkoani Kigoma, ambako kambi za Nduta na Mtendeli zilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi waliokimbia kuanzia mwaka 2015, vijiji vya jirani havikuwa na uchunguzi wa aina ya ule wa Kagera uliomalizika miezi michache kabla. Huko pia kulikuwa na watoto wa umri wa mwaka mmoja, vibarua wasio na shamba, na wauguzi wenye kutafuta mshahara bora.